Mkopeshaji Asimame Nje ya Mlango

Dominika ya 30 ya Mwaka A



Somo la kwanza la Dominika ya leo, lililotwaliwa katika Kitabu cha Kutoka, linaanza na mambo mazito na kuishia kwenye nguo ya kujifunika usiku. Musa anawakataza Waisraeli kumwonea mgeni, mjane na yatima. Kisha anawaambia kwamba wakimkopesha fedha maskini aliye miongoni mwao wasimgeukie kuwa wanyonyaji wa riba. Na ikiwa wamechukua vazi lake liwe rehani, walirudishe kabla jua halijatua. Sababu yake haihitaji mwanateolojia kuieleza. Mtu huyo hana kingine cha kujifunika. Usiku wa nchi ile una baridi, na mkopeshaji aliyeliweka vazi la mwenzake sandukuni amelala juu ya joto la mtu mwingine.

Tungeweza kuhubiri leo juu ya Injili, ambamo Bwana wetu anaulizwa amri iliyo kuu. Tumeona afadhali tubaki na vazi hili. Amri ya kumpenda jirani sote twaiitikia "Amina" bila taabu. Amri ya kurudisha rehani kabla ya jioni inagusa mfuko, na mfuko haupendi kuguswa. Tena katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambazo uchumi wake unakua na ambamo watu wananunua vitu ambavyo wazazi wao hawakuvijua, rehani imerudi kwa sura nyingine, wala wengi hawajaitambua.

Hebu kwanza tutazame tulikotoka. Wale walio na umri wa miaka hamsini na zaidi hapa Tanzania wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari, sabuni, khanga na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni, na mara nyingi kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Akina mama walifulia majani ya mpapai. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na mwaka uliofuata akaingia madarakani Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Maduka yakajaa tena. Mitumba ikaenea hata katika minada ya vijijini. Mwaka 1994 vituo vya kwanza vya televisheni vikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara, na pamoja na habari yakaingia sebuleni matangazo ya biashara, yaani mwalimu mpya wa mahitaji.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Wako wahubiri, tena hodari, ambao wakisikia habari za kukua kwa uchumi huanza mara kulaumu tamaa: watu wamependa vitu, watu wamemsahau Mungu, zamani tulitosheka. La hasha! Zamani hatukutosheka, tulikosa. Kukosa sabuni si fadhila. Fadhila ya kiasi huanza pale mtu anapoweza kupata, naye kwa hiari yake akajizuia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba kutaka kuishi vizuri zaidi si kosa. Kosa ni kuuhesabu kuwa bora mtindo wa maisha unaolenga kuwa na vitu vingi badala ya kuwa mtu kamili. Mama anayetaka godoro badala ya mkeka kwa ajili ya watoto wake hana la kuungama.

Na ukuaji wenyewe ni wa kweli. Tangu mwaka 2000 hadi ulipokuja ugonjwa wa UVIKO mwaka 2020, uchumi wa Tanzania ulikua kwa wastani wa asilimia 6 hivi kwa mwaka, na Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka nchi yetu katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Kenya ilikuwa imekwisha kuingia kundi hilo miaka michache kabla. Lakini hesabu ya taifa na hesabu ya kaya ni vitabu viwili. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba Watanzania 26 na ushei katika kila 100 walikuwa bado chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Utafiti wa mwaka 2011/12 ulikuwa umewakuta 28 na ushei. Miaka sita ya ukuaji mkubwa, na waliovuka mstari ni kama wawili tu katika mia.

Mwaka 1857 mtakwimu mmoja Mjerumani, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi, akaona jambo ambalo wachumi wanalifundisha hata leo: kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pato lake inavyomezwa na chakula, pato likipanda, chakula huchukua sehemu ndogo zaidi, na nafasi inayobaki hujazwa na mambo mengine. Kwetu mambo mengine hayo tunayajua: bando la simu, nauli ya bodaboda, ada ya shule ya binafsi, nywele, king'amuzi, seti ya makochi, mchango wa harusi, wa sendofu, wa kipaimara na wa komunyo ya kwanza. (Juu ya komunyo ya kwanza yenye ukumbi, mshehereshaji na keki ya ghorofa tatu tutasema siku nyingine, maana huenda baadhi ya wazazi wanatusikiliza wakiwa njiani kwenda Misa, nasi hatutaki kuwaharibia siku.)

Shida ni kwamba mahitaji haya mapya hayakungoja mfuko ukue. Yalifika kabla ya pato. Kijana wa kijijini na mtoto wa waziri wanatazama picha zilezile katika simu, ingawa mmoja ana shilingi elfu tano kwa siku na mwingine hajui ana ngapi. Wenye biashara walilitambua hilo zamani. Ndiyo maana sabuni ya unga, dawa ya meno, maziwa ya unga na mafuta ya kula huuzwa kwa vipimo vidogo kabisa. Wakenya wamekipa kipimo hicho jina la kadogo. Kipimo kidogo humsaidia mwenye fedha ya leo tu. Lakini ukivikusanya vipakiti vya mwezi mzima, mara nyingi utakuta kwamba kilo moja ya sabuni imemgharimu maskini bei kubwa kuliko ilivyomgharimu tajiri aliyenunua mfuko mzima. Umaskini una kodi yake, nayo haipelekwi Hazina.

Basi katika mwanya huo, kati ya hitaji la leo na pato la kesho, ndimo ulimopita mkopo.

Mwaka 2007 M-Pesa ilianza nchini Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Kumtumia mama fedha kijijini kukawa kazi ya dakika moja. Ni jambo jema, na tusilidharau. Novemba 2012 huko Kenya ikaja M-Shwari, ambayo kwayo mtu aliweza kuweka akiba na kukopa bila kufika benki, na mwaka 2014 Tanzania ikapata M-Pawa ya namna hiyohiyo. Mkopo wa M-Shwari ulianza kwa kutolewa kwa siku 30, kwa ada ya asilimia 7.5. Masikioni ada hiyo ni ndogo. Lakini anayekopa shilingi 1,000, akalipa, akakopa tena, mwezi hata mwezi, mwisho wa mwaka atakuwa amelipa ada za shilingi 900 kwa ajili ya kuitumia shilingi 1,000 ileile. Na huo ni mkopo wa benki inayosimamiwa na sheria. Baada yake walikuja wengine wengi wenye programu zao za simu, na miongoni mwao wamo wasio na leseni wala ofisi inayojulikana. Huku mtaani nako wako wale ambao watu wetu wamewapa jina lisilohitaji ufafanuzi: kausha damu.

Hatusemi kwamba kila mkopo ni dhambi. Mama muuza mboga anayekopa elfu hamsini alfajiri ili afike sokoni mapema, akauza, akarudisha na kubaki na chakula cha watoto, huyo amekopa kwa akili. Familia zilizolipia umeme wa jua kidogo kidogo kwa simu, kwa mpango ulioanza kuenea Kenya kuanzia mwaka 2012, zimeachana na moshi wa kibatari, na watoto wanasoma usiku. Mkopeshaji naye ana gharama zake, na wapo wanaomkimbia bila kumlipa. Hilo nalo ni wizi, tusilipambe kwa jina jingine. Kwa upande wa mkopaji sisi tunatumia kipimo rahisi: deni lisiishi kuliko kitu kilichonunuliwa. Deni la cherehani hulipwa na cherehani. Deni la keki huanza kulipwa keki ikiwa imekwisha kuliwa.

Lakini leo neno letu hasa ni kwa mkopeshaji, kwa maana Kitabu cha Kutoka kinasema naye na si na mkopaji. Na liko neno la pili, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ambalo ni la kustaajabisha zaidi. Linasema kwamba ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani yake. Simama nje. Yeye mwenyewe aingie ndani, aichukue, akuletee pale uliposimama. Fikirini hekima iliyomo. Deni linampa mkopeshaji haki juu ya fedha. Halimpi haki ya kuvuka kizingiti. Humo ndani mna mke, mna watoto, mna mkeka uliochakaa, mna sufuria tupu jikoni. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuviona. Hana ruhusa ya kumfanya baba asukumwe kando mbele ya watoto wake. Maskini anaweza kudaiwa kila kitu, isipokuwa mlango wake.

Sasa tazameni yanayotendeka. Wako walimu, askari na wastaafu ambao kadi zao za benki haziko mifukoni mwao. Ziko kwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri. Siku mshahara unapoingia, mkopeshaji ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Hutoa anachodai, pengine na zaidi, na kinachobaki humpa mwenye mshahara kana kwamba ni sadaka. Mwalimu huyo kesho yake anasimama mbele ya watoto arobaini na kuwafundisha hesabu. Ndugu zangu, kadi ile ndiyo vazi la Kitabu cha Kutoka. Hana kingine cha kujifunika mpaka mwisho wa mwezi.

Na mlango? Siku hizi mlango wa mtu ni simu yake. Anapokubali mkopo katika programu fulani, huulizwa kama anairuhusu isome majina na namba zote alizohifadhi. Ana haraka, mtoto ana homa, anabonyeza ndiyo. Papo hapo mkopeshaji ameingia ndani ya nyumba, naye mkopaji hakusikia hata hodi. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe huanza kutumwa kwa kila aliyemo: shemeji, mwajiri, mwalimu wa mtoto, katekista. Jirani yako ni tapeli, mwambie alipe. Tunamfahamu mama mmoja ambaye mumewe alipata habari za deni lake kwa njia hiyo, kutoka kwa mdogo wake aliye mkoa mwingine. Deni lenyewe halikufika laki moja. Mama huyo hakuonekana katika jumuiya ndogondogo kwa miezi minne. Alipofuatwa alisema tu kwamba hajui ni nani kati yetu aliyeusoma ujumbe ule na ni nani hakuusoma. Fedha alizilipa. Uso wake haukurudishwa pamoja na salio.

Serikali zetu zimeanza kuamka. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na mwaka 2022 Benki Kuu yake ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, zinazowataka wawe na leseni na kuwakataza kuwaaibisha wadaiwa kwa ndugu na marafiki zao. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa aina hii; Novemba ya mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Tunalishukuru hilo. Sheria hizo zinasema kwa lugha ya wanasheria jambo ambalo Torati ililisema kwa neno moja: simama nje. Lakini programu iliyofungwa Jumatatu yaweza kufunguliwa Alhamisi kwa jina jipya. Kausha damu wa mtaani yeye hana hata jina la kuliweka katika orodha.

Kanisa nalo lina historia ndefu katika jambo hili, na si vibaya tuijue. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliamuru kwamba wala riba wanaojulikana wazi wasipewe komunyo wala maziko ya Kikristo. Amri kali! Lakini amri haikumpa maskini fedha ya kununulia mbegu, naye aliendelea kubisha hodi kwa mla riba, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine. Ndipo Wafransisko wa Italia walipofanya jambo la akili. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia, walisaidia kuanzisha nyumba ya kukopesha maskini: mtu alileta nguo au chombo chake kuwa rehani, akapewa mkopo mdogo, akalipa nyongeza kidogo tu ya kutosha mishahara ya wahudumu. Wapo waliopiga kelele kwamba nyongeza hiyo nayo ni riba, na ubishi ukaendelea kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka Mtaguso wa Tano wa Laterano ulipoihalalisha mwaka 1515. Nyumba hizo zilienea Italia na nje yake. Mla riba hakushindwa kwa mahubiri peke yake. Alishindwa na jirani aliyekopesha kwa bei nafuu.

VICOBA na SACCOS zetu ni wajukuu wa nyumba ile ya Perugia. Panapo na viongozi waaminifu zinafanya kazi ya Mungu, na parokia isiyo na chama cha akiba na mikopo haina budi kujiuliza waumini wake wanakopa wapi. Lakini hata humo mwovu amepanda magugu. Tumesikia habari za vikundi vyenye majina ya watakatifu ambavyo siku ya marejesho huenda kwa mwenzao aliyeshindwa, vikaingia jikoni na kubeba masufuria, huku wimbo ukiimbwa. Sijui mtakatifu gani amekubali jina lake litumike kwa kazi hiyo. Kama mwenzenu ameshindwa, kaeni naye nje, chini ya mwembe, mpange upya siku za kulipa. Hiyo ndiyo maana ya kuwa kikundi; kama si hivyo, mla riba mmoja angetosha.

Tena tusijidanganye kwamba kausha damu ni watu wa mbali, wasiosali. Wengine ni wahisani wa parokia. Wengine ni watumishi wenye mishahara mizuri ambao katika ukuaji huu wa uchumi wamepata ziada, wakaona kwamba hakuna shamba wala ng'ombe anayezaa upesi kama shida ya jirani. Huenda baadhi yao wanatusikiliza sasa, wakinywa chai. Kwao hatuna hukumu ya mwaka 1179, na komunyo hatuwanyimi kwa njia ya redio. Tuna jambo dogo tu la kuwaomba, kabla ya hesabu za riba, ambazo tutazizungumza nanyi mkija ofisini kwa paroko wenu. Kabatini mwenu mna bahasha yenye kadi za benki za watu. Deni ni deni, wala Musa hakulifuta. Litalipwa kama mtakavyopatana. Lakini bahasha hiyo ifunguliwe leo, kila kadi irudishwe kwa mwenyewe, mkononi, na mkifika kwake bisheni hodi mngoje nje. Huku pwani jua linatua muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni.